Aboud wa Athmani na Mawe Yaliyongoja Mvua

Ndugu, jamaa, majirani wa Kismayo, na ninyi mliovuka maji kutoka visiwani: tunayemzika asubuhi hii, Jumatano tarehe 15 Februari 1939, ni Aboud wa Athmani, mchonga mawe, mzee wa kanisa na mwalimu wa wanaojiandaa kubatizwa. Maneno haya tumeyaandika sisi wa kanisa lake, tukisaidiwa na mjane wake, binti yake na ndugu yake, na hatukuficha kitu, kwa sababu yeye mwenyewe alikataza. Alisema akisifiwa tu, watu watadhani anazikwa mwingine.

Alizaliwa kisiwani Chovai, mwezi wa Agosti mwaka 1886. Baba yake, Athmani, alitoka katika mashamba ya mto Juba. Alipopata uhuru wake alishuka pwani kutafuta kazi, akaipata ya kukata matumbawe ya kujengea. Mama yake alifariki saa ile ile ya kumzaa. Jirani yao Barke, mke wa fundi wa mashua, alikuwa na mwana wa kunyonya, Nassor. Alikichukua kile kichanga cha watu, akakiweka kwenye titi la pili. Kwa sheria ya dini ya Kiislamu, ambayo ndiyo dini ya nyumba ile, maziwa yale yaliwafanya wawili wale kuwa ndugu, na ndugu wamekuwa mpaka jana. Nassor yuko hapa nasi. Mamake aliwahi kumwambia kwamba Aboud alipokuwa akinyonya alimsukuma mwenzake kwa mguu bila haya, na Nassor hupenda kusema kwa lahaja ya Chovai, ambako mtu huitwa mchu, "Mchu wa kwanza kunipija duniani ni huyu." Jana alipofika na kumkuta amekwisha kufunikwa alilisema tena lile neno, akashindwa kulimaliza.

Katika chuo cha Kurani alisoma pamoja na Nassor, akazijua herufi za Kiarabu. Masomo yake mengine aliyapata miambani, nyuma ya baba yake. Wakati wa bamvua, maji yakitoka sana, walishuka na mitaimbo na kulikata tumbawe lingali hai, bichi, laini kiasi cha kuchongwa kwa tezo. Jiwe hilo halijengewi siku hiyo. Hulazwa nje, lipigwe na mvua za masika, mpaka chumvi yake itoke na ligangamale. Ukiharakisha ukalitia ukutani na chumvi yake, lipu itapukutika mwaka baada ya mwaka na nyumba itakuaibisha. Hili kila mtu wa Chovai analijua, na Aboud alilijua kabla hajaota ndevu.

Athmani alifariki mwaka 1903. Mwaka uliofuata Aboud alikuja hapa Kismayo kuuza mawe kwa wageni wa misheni waliokuwa wakijenga shule yao. Alikuja kwa kazi ya mwezi mmoja, akabaki maisha. Hapo misheni alijifunza herufi za Kizungu, kisha akaanza kukaa nyuma wakati wa ibada, halafu katikati, halafu mbele. Alibatizwa Pasaka ya tarehe 16 Aprili 1911. Hakulibadili jina lake. Kabla ya siku hiyo alikwenda Chovai kumwambia Barke mwenyewe, asije akalisikia kwa watu. Yule mama alilia, siku ile hakula. Kesho yake alimuuliza jambo moja tu: chakula chake bado atakila? Aboud akasema atakila. Basi wakala, na neno hilo halikurudiwa tena baina yao.

Tarehe 9 Agosti 1913 alimwoa Salme, binti wa wazazi waliolelewa misheni. Waliomfahamu Aboud wa siku hizo wanajua kwamba nyumba yao haikuishiwa kicheko. Siku aliyofundisha mara ya kwanza kanisani alieleza kuwa Maandiko yanaliita kanisa bi arusi, na kwamba sote, wake kwa waume, ndio huyo bi arusi anayemngoja Bwana wake. Salme aliinua mkono kutoka upande wa wanawake. "Na midevu hiyo, mwalimu," akauliza, "huyo Bwana atakubali?" Kanisa lilicheka mpaka Bwana Mchungaji, mgeni aliyekuwa bado akijikongoja na Kiswahili chetu, akaomba atafsiriwe. Mungu aliwajalia mabinti wawili: Zakia, aliyezaliwa mwaka 1915, na Ummi, aliyezaliwa mwaka 1920.

Hakuna aliyetufundisha sisi ni nani mbele ya Mungu kama Aboud alivyotufundisha. Aliposoma kwamba Bwana ni mzabibu nasi ni matawi, aliona nyuso zetu zimekauka, maana mzabibu sisi tuliuona kwenye karatasi ya chupa za Wataliani tu. Alitutoa nje akatuonyesha mung'unye uliotambaa juu ya paa la jiko la jirani, akakata tawi moja. Kufika adhuhuri lilikuwa limenyauka, na jirani alikuwa amekuja juu. Fakihi, mzee mwenzake wa kanisa, alipobanwa kidole na jiwe akashikwa na homa mwili mzima, Aboud alimtembeza mbele yetu na bendeji yake ili tuelewe maana ya kuwa viungo vya mwili mmoja. Fakihi mpaka leo analalamika kwamba alifanywa somo bila kuulizwa.

Lakini neno alilolipenda kuliko yote ni lile la Mtume Petro, kwamba waumini ni mawe yaliyo hai yanayojengwa yawe nyumba ya Mungu. Alipolisikia alisimama kabla ibada haijaisha. Wengine wote walilisikia kama fumbo. Yeye jiwe lililo hai alikuwa amelishika mikononi, likitoka maji ya bahari. Serikali ya Kitaliani ilipoingia mwaka 1925 na misheni ikapata ruhusa ya kujenga kanisa la mawe, alikwenda Chovai kuyakata pamoja na Nassor, akayalaza uwanjani masika nzima, watu wakimhimiza na yeye hasikii. Kanisa lilikamilika mwaka 1927. Baadaye wawili hao wakaujenga na huu ukuta wa makaburi mnaouona, kwa mawe yaliyobaki.

Ni hapo alipokosea, na kosa lile lilitoka katika kazi yake nzuri. Misheni yetu haikubatiza watoto wachanga; kila mtu alibatizwa akijijibia mwenyewe. Aboud, akiwa ndiye mwalimu, aliona watu wanaharakishwa. Alisema anayemaliza mafunzo angoje masika moja kamili, kama jiwe, chumvi ya maisha ya zamani imtoke, ndipo aingizwe ukutani. Bwana Mchungaji aliipenda sana hiyo hoja, wazee wakaipitisha, nasi tukaisifu. Hakuna hata mmoja wetu aliyepinga.

Zakia alimaliza mafunzo mwishoni mwa mwaka 1929. Alikuwa msichana mwepesi wa kusoma, mwepesi wa kucheka, na mwepesi zaidi wa kujibu. Aliingoja masika ya mwaka 1930 kama wenzake. Pasaka iliyofuata, tarehe 5 Aprili 1931, alitarajiwa kubatizwa, na mamake alikwisha kumshonea kanzu. Kwaresima ile akagombana na mwenzake kisimani, akamtolea maneno ambayo hapa si mahali pake. Aboud alilijua siku ile ile. Jioni akawaambia mkewe na bintiye kwamba Zakia atangoja mvua nyingine.

"Baba," Zakia akauliza, "mimi ni jiwe la aina gani, lisilotosheka na masika moja?"

"Wewe ni binti wa mwalimu," akasema. "Ukipita mbele ya wenzio, watu watasema mlango wa kanisa ni wa nyumbani kwangu."

Salme akamwambia, "Mwatufundisha kila Jumapili kwamba sisi ni kondoo wa Bwana. Mwana-kondoo naye hungoja mvua ndipo anyonye?"

Salme anasema mumewe hakukasirika. Alikuwa amelishika lile neno la mawe kwa mikono miwili, hakuwa na mkono wa kushikia jingine. Pasaka ilipita. Kanzu ikakunjwa.

Masika ile ilinyesha kupita kiasi, na mbu wakawa wengi. Katikati ya Juni Zakia alishikwa na homa. Alipewa kwinini, alifukizwa, alikandwa, homa ikapanda. Bwana Mchungaji alikuwa safarini juu mtoni, na mjumbe aliyetumwa kumwita alikwamishwa na maji yaliyofurika njiani. Asubuhi ya tarehe 23 Juni 1931 Zakia alimwita baba yake karibu.

"Baba, nitie maji ya ubatizo. Hata kidogo."

Tuliagizwa tusifiche, nasi hatufichi, ijapokuwa inauma kulisoma mbele ya mamake. Aboud aliondoka, akachukua bakuli, akateka maji mtungini, akarudi nayo. Alijua kwamba wakati wa hatari Mkristo yeyote aweza kubatiza. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha watu hivyo. Alipiga magoti kando ya kitanda na lile bakuli mikononi. Akakaa hivyo. Kisha akaliweka chini.

"Tumngoje Bwana Mchungaji, mwanangu. Atafika leo."

"Haya, baba," Zakia akasema.

Adhuhuri haikumkuta. Alikuwa na miaka kumi na sita, na hakuna siku katika miaka yote hii ambayo nyumba ile haikumsikia akisema "Haya, baba."

Kaburi alilichimba Aboud mwenyewe, akikataa kusaidiwa, naye akalichimba nje ya ukuta, kwa kuwa ndani walizikwa waliobatizwa tu, na sheria hiyo nayo aliiweka yeye. Bwana Mchungaji aliporudi na kuonyeshwa mahali, alikaa chini kwenye mchanga akalia wazi, mzungu mtu mzima. "Kwa nini hukumbatiza?" akauliza. "Nani angekulaumu?"

"Niliogopa nyumba itaharibika," Aboud akasema.

Bwana Mchungaji alitaka ahamishiwe ndani. Salme akakataa: mwanawe hatafukuliwa ili watu wazima wapate kulala usingizi. Barke naye alikuja kutoka Chovai, mzee sana, akishikwa mkono na Nassor. Alimkuta Aboud amejifungia, hali, hasemi. Akaketi mlangoni akazungumza naye kwa upole, na Nassor aliyasikia yote.

"Mwanangu, ulipoletwa kwangu ulikuwa na damu ya mamako mwilini. Sikungoja uoshwe. Nilikupa titi vivyo hivyo. Ningalingoja, ungalikuwa mchu wewe leo?"

Aboud alilia kwa sauti hata watu wakasimama njiani. Baada ya hapo alikula.

Jumapili ya pili alisimama mbele ya kanisa akaiondoa ile sheria ya kungoja masika kwa kinywa chake. Alisema neno la Petro ni la kweli, lakini yeye alisahau kwamba mjenzi wa nyumba ile si yeye. Alisema mkono hauambiwi ungoje mvua ndipo uwe wa mwili. Tangu siku hiyo aliyeomba maji alipewa. Bibi mmoja wa Gosha, huko kwenye mto Juba, aliomba baada ya mafunzo ya wiki moja, akijibu nusu ya maswali, na Aboud alikwenda mwenyewe kumwita Bwana Mchungaji ambaye alikuwa bado mezani anakula. Aliendelea kufundisha habari za kundi, za matawi, za mwili, za bi arusi. Za mawe hakufundisha tena. Tuliomsikia zamani tuliyatamani, lakini nani angemwomba?

Mwaka 1935 serikali iliwaamuru wamishenari wageni waondoke. Bwana Mchungaji alipanda meli, shule ikafungwa, na waumini wengi wakatawanyika kwenda kutafuta kazi katika mashamba ya ndizi ya Wataliani huko mtoni. Tuliobaki tulikuwa wachache wa kuenea ukumbi mmoja. Aboud alituongoza, na kwa kuwa hakukuwa na wengine, alitubatiza, alituozesha na alituzikia wafu wetu. Wenye kukata tamaa aliwaendea majumbani, akaketi nao, mara nyingi bila kuhubiri lolote.

Ugonjwa wake ulikuwa wa kifua, matokeo ya vumbi la chokaa alilolivuta tangu ujana. Ulianza kwa kikohozi mwaka 1936; kufikia mwisho wa mwaka jana hakuweza tena kulala chali. Salme alimuuguza bila kuchoka. Hapa mjane ametutaka tuseme na hili. Tangu mwaka ule wa msiba alimpikia mumewe, alimfulia, alimheshimu mbele za watu, lakini jina alilokuwa akimwita tangu walipopata mtoto wa kwanza, Baba Zakia, lilikufa kinywani mwake. Alimwita Mwalimu, kama sisi. Aboud hakuuliza kwa nini. Salme anasema wala hakumchukia. Jina lenyewe ndilo lililokataa kutoka.

Juzi, Jumatatu, Aboud alimwomba asizikwe ndani ya ukuta. "Msiseme najiadhibu," akasema. "Nataka kulala karibu na mwanangu, basi. Ukiniruhusu." Salme akamwinua kichwa na kumwambia, "Kunywa maji, Baba Zakia." Akanywa. Ummi, aliyekuwa amemshika baba yake mgongoni, anasema aliusikia mwili wote ukilegea. Alifariki kesho yake, Jumanne tarehe 14 Februari, alasiri, mkewe na bintiye wakiwa kando yake, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili.

Usiku wa jana wazee wa kanisa walikutana na jamaa kuhusu mahali pa kumlaza. Inafaa mjue kilichosemwa. Mzee Fakihi alisema mzee wa kanisa hawezi kuzikwa nje ya ukuta. Mji utasema tumemtenga, na wanaosita watatukimbia. Akaongeza kwamba kama wosia wa marehemu lazima utimizwe, basi upande ule wa ukuta ubomolewe ili wote wawili wawe ndani. Nassor akasema yuko tayari, na zana anazo. "Ukuta chumeujenga miye na yeye," akasema. "Kuuvunja si kazi." Wengi tuliliona hilo kuwa jambo jema, tukawa tunapanga nani aje alfajiri.

Ndipo Salme akasema kutoka chumbani, mlango ukiwa wazi.

"Msivunje kitu. Ukuta haukumkosea mwanangu. Mmekaa ndani yake miaka yote hii mkimsikitikia kwa mbali, hata mimi mnanipa pole mkiwa ndani. Leo tokeni ninyi. Tokeni nyote, mje mzikie huku, muone kama Bwana hatawafuata."

Mzee Fakihi alivua kofia yake, akasema, "Tutatoka, Mama Zakia."

Na kweli tumetoka. Wakristo wote wa Kismayo waliosalia wamesimama hapa nje, kwenye mchanga na miiba hii, pamoja na ndugu zetu Waislamu wa mjini na wa Chovai waliomchukua begani kutoka nyumbani bila kumwachia mtu wa kukodiwa. Ndani ya ukuta hamna mtu aliye hai.

Marehemu ameacha mjane, Salme; binti, Ummi, na mumewe; ndugu yake wa kunyonya, Nassor, na watoto wote wa nyumba ya Barke; na kanisa hili alilolilea. Amewafuata wazazi wake wawili, na Mama Barke aliyetutoka mwaka 1933. Amemfuata pia binti yake Zakia. Kwa ridhaa ya wazee wote, tumepewa idhini ya kutamka mbele yenu jambo hili: Zakia binti Aboud alikuwa kiungo cha kanisa hili tangu asubuhi ile alipoomba maji. Maji hayakumfika, kwa kosa letu sote. Mamake ameomba tulitamke wakati kaburi likiwa bado wazi, ili baba yake alisikie.

Lala salama, Aboud. Mwanao yuko kulia kwako.